Jumatano ya madudu pale Mwanjelwa: jero yako haipotei ila beba koti

Wakuu habari zenu, nimeshaenda mara tatu kwenye lile banda la mpira Mwanjelwa kule nyuma ya mitumba, jina nalificha maana nina ya kusifia na nina ya kulalamika, ila mtu wa Mbeya nikisema banda la dogo mwenye mic ashalijua. Siku za mechi ni banda kama mabanda mengine tu, jero mechi ndogo, buku ikiwa kubwa, makelele, ugomvi wa Simba na Yanga. Mi nataka kuongelea Jumatano ambayo hakuna mpira.

Hiyo siku hawafungi. Wanachomeka flash imejaa klipu za tv za nje, watangazaji wakitoa boko laivu, mara mtu katukana hajui mic iko hewani, mara jina limesomwa la mtu mwingine, af yule dogo (tumwite DJ maana ndo anavyojiita) anakaa pembeni ya spika na mic anatafsiri palepale, mtindo uleule wa muvi zilizotafsiriwa, anaongeza na vya kwake. Kiingilio jero. Benchi za mbao hazina mgongo, bati halina silingi kwahiyo mvua ikipiga husikii kitu, na mwezi wa sita mwezi wa saba baridi ya mlima Loleza inashuka yote inakuja kukaa humo ndani na nyie. Chai ya tangawizi ipo, viazi karai vipo mlangoni, vya moto kweli, hapo sina neno.

Klipu iliyonifanya nirudi mara ya pili ni ya yule Mkongo wa BBC. Wengi mtakuwa mmeiona, ya tarehe 8 Mei 2006. Jamaa anaitwa Guy Goma, katokea Brazzaville, kaenda BBC London kwenye usaili wa kazi ya mambo ya data, kakaa mapokezi anasubiri zamu yake. Na siku hiyohiyo kuna mtaalamu wa teknolojia anaitwa Guy Kewney alikuwa anasubiriwa aje aongelee kesi ya Apple ya kompyuta na ile Apple nyingine, kampuni ya muziki ya bendi ya Beatles. Mtu wa studio akaja kuuliza wewe ndo Guy, jamaa akasema ndio mimi, akabebwa, akapakwa poda, akakalishwa laivu. Mtangazaji anamtambulisha kwa jina la mwenzie, na pale kwenye uso wake ndo unaona kila kitu, macho yanatoka, mdomo unafunguka unajifunga, af anaulizwa kama hukumu imemshangaza, akajibu imemshangaza sana maana hakutegemea. Na kweli hakutegemea! Mwenyewe Kewney yuko mapokezi anaangalia kwenye tv mtu mwingine anahojiwa kwa jina lake.

Sasa nilitegemea banda lote lipasuke kwa kicheko, wakacheka mwanzo, ila DJ alipotafsiri kwamba huyu kaja kuomba kazi jamani, pakatulia. Nusu ya waliokaa pale ni vijana wana vyeti ndani havina kazi. Mzee mmoja nyuma akasema "mwacheni ajibu, ukiwa unatafuta kazi ukiulizwa chochote unajibu". Af DJ akamalizia kwamba na ile kazi aliyoiombea hakuipata. Kimya. Nilimpa pongezi siku hiyo maana angeweza kuiharakisha tu aende klipu nyingine.

Anapochemka yeye mwenyewe ni kwenye matusi, na ndo nusu ya utamu wa banda. Kuna tangazo la utalii la Australia la 2006, mrembo yuko ufukweni anauliza where the bloody hell are you. Kwa Waaustralia ni kama kusema "sasa mmekwama wapi nyie", utani wa kawaida, tena lilikuwa tangazo la serikali kabisa. Uingereza wakalizuia kwenye tv kwanza kisa hilo neno bloody, baadae wakalegeza. DJ yeye kalichukua neno kwa neno akatoa sauti nzito: "Mko wapi, jehanamu ya damu!" Mama mmoja mbele akaitikia amina. Nilitaka kuanguka kwenye benchi.

Ila lile la Toyota alilipatia. Tangazo la Hilux la 1999, New Zealand huko na Australia, mkulima anavuta kitu na pikapu kinang'oka, anamwagia matope nguo alizoanika mke wake, kila balaa likitokea mtu anasema bugger, mwisho mbwa anarukia nyuma ya gari, gari linaondoka, anatua kwenye tope, na yeye anasema hilohilo. Ukifuata asili ya hilo neno ni mambo ya liwati, tusi zito tu, na watu kule walilalamika, ila chombo chao cha kusimamia matangazo kikaona kwa masikio ya wananchi wao siku hizi halina uzito huo, likaendelea kurushwa. DJ kila mara akaweka "salaale!" na ikakaa sawa mpaka kwa mbwa. Hapa kwetu tunaopanda hailaksi za viazi kutoka Isyonje wala hatukuhitaji tafsiri, mbwa kwenye tope tunamjua, mtu kwenye tope tunamjua.

Nyingine ni ya 1976, tarehe 1 Desemba, kipindi cha jioni London, muda ambao watoto wako mezani wanakunywa chai, bendi ya punk ya Sex Pistols ikaletwa kwa mtangazaji Bill Grundy, na yeye mwenyewe ndo akawa anawachokoza watukane, wakatukana hasa. Akasimamishwa wiki mbili. Magazeti yakaandika dereva mmoja wa lori aliipiga teke tv yake kwa hasira. Hapo madereva wa Tunduma walioko ndani wakapiga makofi, sijui walikuwa wanampongeza dereva mwenzao au wanaisikitikia tv.

Lalamiko langu la kwanza liko hapohapo kwenye watoto. Uingereza mambo makali kwenye tv mpaka ipite saa 3 usiku, Marekani stesheni za kawaida mpaka saa 4. Hapa banda linaanza saa 1 na nusu na kuna madogo wa darasa la tano wamekaa chini mbele kabisa, jero zao zinapokelewa kama jero zangu. Mwenye banda nilimuuliza akasema "matusi yenyewe kiingereza bro, wataelewa nini". Sawa, ila DJ si ndo anatafsiri?

Halafu DJ ana rimoti na anajifanya mamlaka, neno la kiingereza analoliogopa anazima sauti, na anazima yasiyo na shida, yenye shida yanapita. Marekani fanny ni makalio tu, mpaka kile kimkoba cha kiunoni wanakiita fanny pack, ukimtajia Mwingereza anamziba mtoto masikio maana kwao ni kiungo kingine kabisa cha mwanamke. DJ kaliacha. Ila ilipokuja habari ya uwanja wa Olimpiki ya Tokyo, mchoraji wake Mjapani, Kengo nani hii, jina la pili mtalitafuta wenyewe mi siandiki, matamshi hayohayo kwao ndo dubu pia, rimoti ikawahi, banda zima likalitaja lenyewe kwa pamoja. Na yule Mtaliano Alberto wa kuteleza kwenye theluji, dhahabu mbili Olimpiki ya baridi ya Calgary 1988, nae vilevile, ukisikia jina lake la pili utaelewa kwanini mtangazaji wa kiswahili angeomba likizo siku hiyo. Mi mwenyewe mwaka juzi nilinunua jinsi ya mtumba palepale Mwanjelwa imeandikwa Mavi kiunoni, kumbe Kituruki ni bluu, ni brandi yao kubwa tu, ila muuzaji alinipunguzia bila kubembelezwa.

Wiki ya pili alikaa katekista pembeni yangu nikamwambia Wakanada wa Quebec wakikasirika wanatukana kwa vitu vya kanisani, tabarnak ndo tabenakulo, câlice ndo kalisi, na Mfaransa wa Paris havimuumizi hata kidogo. Akaniangalia. "Kwahiyo mimi kila Jumapili navifuta vumbi matusi?"

Ila yote hayo yalifunikwa na Mkenya mmoja wa lori, lake lilikuwa gereji anasubiri spea. Kaulizwa tu kwa wema hali ya kwao, akajibu kwa sauti "huko Nairobi mvua inanya siku nzima". Jamani. Watu waliinama, mwingine chai ilimtokea puani. Kwa hapa mvua inanyesha, hilo alilosema yeye anafanya mtu chooni. Kwao wanasema kawaida tu, na ukienda kamusi za zamani utakuta kunya kwa mvua lipo halali kabisa, sisi ndo tumelitupia chooni. Jamaa kanuna, anahisi tunamcheka lafudhi. Dakika kumi haziishi, mama wa chai akamuita mwenzie mlangoni "shoga yangu niletee sukari", Mkenya akageuka kashika kikombe hewani, maana kwao hilo neno ni la mwanaume mwenye mambo yake, mwanamke haitwi hivo. Nikamuelezea kwamba ni rafiki tu, wanawake wanaitana. Akasema nyie watu wa Tanzania mnasifiwa bure kwa ustaarabu. Hiyo ilinishinda kujibu.

La pili kulalamika, hakuna madudu ya kwetu. Mbona Machi 2017 TBC walisoma habari feki kwamba Trump kamsifia Magufuli, wafanyakazi 9 wakasimamishwa? Nilimuuliza DJ akaniambia "mzee wangu mi sitaki kesi, Wazungu hawawezi kuja Mwanjelwa kunishtaki". Sijui sheria inasemaje kwa klipu za flash ila jibu nililielewa.

Nyota ninazotoa ni tatu na nusu kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya watoto, na ile nusu nimeikata wiki iliyopita, LUKU iliisha katikati ya klipu, giza, DJ akadhani na spika imekufa kumbe mic yake ya betri na spika la nje la kuita wateja lina betri yake, akatoa tusi la nguoni, refu, lina mpaka ukoo, likasikika mpaka stendi ya bajaji. Yule mama wa viazi mlangoni ni mama yake mzazi. Aliingia na tochi ya simu, hakusema neno, alimmulika usoni tu kama dakika nzima mpaka umeme ukarudi, na sisi tumekaa kimya kama tuko misa.

Sasa hivi swichi ya ile mic imezungushiwa utepe mwekundu, na ukiwahi utamkuta anaiwasha anaizima mara tatu nne kabla hajafungua mdomo.