Kabla ya kununua jokofu, vuta noti mlangoni

Mwaka juzi nilinunua jokofu la mtumba la milango miwili kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, nikalipa nusu ya bei ya jipya na kurudi nyumbani nikijiona mjanja. Umeme wa LUKU uliokuwa ukinitosha wiki tatu ukaanza kuisha siku ya kumi. Fundi wa kwanza alisema gesi imepungua, akajaza. Wa pili akasema vivyo hivyo, akajaza tena, na hakuna kati yao aliyenieleza kwamba gesi ya jokofu huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na haipungui isipokuwa yanapovuja. Wa tatu, mzee wa makamo, aliniomba noti ya shilingi elfu moja, akaibana kwenye mlango karibu na bawaba ya juu, kisha akaivuta kwa vidole viwili. Ilitoka kana kwamba mlango ulikuwa wazi. "Mama, ugonjwa wako ni huu mpira," alisema. (Noti hakuirudisha, nami sikuidai.)

Mpira huo, unaozunguka ukingo wa mlango, una sumaku ndani yake, na ukikakamaa au kupinda, hewa ya joto na unyevu ya mji wetu huingia usiku na mchana, hivyo kompresa, mashine inayosukuma gesi, haipati nafasi ya kupumzika. Kompresa ya wati 120 ikizunguka saa 24 hula uniti 2.88 kwa siku, yaani zaidi ya 86 kwa siku 30, ilhali ikipumzika nusu ya muda hula 43 tu. Kwa mteja wa kundi la D1, yaani la matumizi madogo ya nyumbani, anayelipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi na 350 kwa kila inayozidi hapo, kabla ya kodi na tozo, jokofu lenye mpira mbovu linatosha peke yake kumvusha mpaka huo wa uniti 75 kabla hajawasha taa wala kupiga pasi.

Kwa sababu hiyo sitazungumzia rangi, lita, wala kidebe cha maji cha mlangoni. Chaguo langu la kwanza, na sifichi upendeleo wangu, ni LG yenye kompresa ya inverta, ambayo hupunguza mwendo ubaridi ukishatosha badala ya kuzima na kuwaka kwa nguvu. Nililonalo sasa lina mpira uliopachikwa kwenye mfereji: nauchomoa kwa mkono, nauosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, naurudisha. Yapo majokofu ambayo mpira wake umeshikamana na mlango wenyewe, na ukichakaa utauziwa mlango mzima, ukipatikana. Muulize muuzaji jambo hili kabla hujauliza bei.

La pili ni friza ya kulala, kwa anayenunua samaki kwa wingi au anayeuza barafu. Hewa ya baridi ni nzito, hivyo ukifunua kifuniko hubaki chini badala ya kumwagika sakafuni kama inavyofanya kwenye mlango wa kusimama. La tatu ni jokofu jipya la mlango mmoja lisilo na inverta, ambalo linafaa likiwa dogo. Mtumba nauweka mwisho, na usiununue pasipo kupitisha noti pande zote nne za mlango.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji. Lebo inayoonyesha uniti za mwaka mzima, ambayo ukiigawa kwa 12 unapata matumizi ya mwezi, mara nyingi huikuti mlangoni. Imebanduliwa, na gundi yake bado inanata. Ukiuliza matumizi unajibiwa, "Hili halili umeme kabisa, dada," kana kwamba linaendeshwa kwa dua. Ukiomba lichomekwe uone kama mlango unatoa jasho, unaambiwa soketi ni mbovu, wakati feni ya muuzaji inazunguka juu ya kichwa chake. Nilipolirudisha la kwangu na kuonyesha noti inavyotoka, muuzaji hakubishana hata kidogo. Aligeuza risiti yangu na kuweka kidole kwenye maandishi madogo ya chini: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.