Swichi ya Fuli na Dimu kwa MGB Iliyotiwa V8: Ununue Ipi?

Usiku mmoja nikielekea Mombasa, nimeshapita Sultan Hamud, trela ilinijia kwa mbele na dereva akanipigia taa mara mbili nipunguze. Nikakanyaga kile kidude cha sakafuni kwa mguu wa kushoto. Kikalia "tak" kama siku zote, na barabara ikapotea. Hakuna dimu (taa za chini) wala fuli (taa za mbali), giza tupu. Nikakanyaga tena, fuli ikarudi, trela likanipita likipiga honi. Asubuhi nilipoifungua swichi nikakuta mguso wa upande wa dimu umeungua, shaba nyeusi kama mkaa, na plastiki yake imelainika ikapinda. Ilikuwa swichi mpya, haijamaliza hata miezi minne.

Tangu siku hiyo nikinunua swichi ya kupunguza taa najiuliza swali moja kabla ya bei na kabla ya sura: siku itakapokufa, itaniacha na taa gani?

MGB, gari langu hilo dogo la michezo, ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Za mwanzo, kama MGA zilizozitangulia, zina swichi ya kukanyaga, kushoto kwa klachi, ubavuni mwa handaki la giaboksi. Kwa gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani sina ugomvi nayo. Lakini ukishaweka injini ya V8 ya Rover ya lita 3.5, ile ya Range Rover za zamani, na giaboksi ya gia tano, mara nyingi handaki linapanuliwa na mahali pa mguu wa kushoto panaisha. Halafu wengi wetu tunatia balbu za H4, wati 60 kwa fuli na 55 kwa dimu. Fuli mbili ni wati 120, yaani ampea 10 kwa volti 12, na zote zinapita ndani ya swichi ya dashibodi, swichi ya kupunguza na waya wa miaka sitini. Volti zikipungua kwa asilimia 10 njiani, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Watu wanalaumu balbu bure.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni rilei mbili, yaani swichi zinazoamshwa kwa umeme mdogo ili zipitishe umeme mzito; swichi ya kupunguza taa baadaye. Ya kwanza iwe ya pini nne: inaamshwa na swichi ya taa na kupitisha umeme mzito kutoka betri, kupitia fyuzi yake kubwa. Ya pili iwe ya pini tano. Umeme uingie pini namba 30, dimu itoke namba 87a, fuli itoke namba 87, na kila uzi wa balbu uwe na fyuzi yake ya ampea 10, jumla nne. Pini 87a ndiyo inayopata umeme rilei ikiwa imelala. Maana yake swichi ya kupunguza ikiungua, waya wake ukikatika au koili (sumaku ya umeme) ya rilei hii ya pili ikifa, unabaki na dimu. Ningekuwa na mpango huu pale Sultan Hamud, dimu ingekuwapo muda wote. Na swichi yenyewe sasa inabeba mkondo wa kuamsha koili tu, usiofika robo ampea.

Ukienda kuzitafuta Kirinyaga Road, Nairobi, kuwa macho. Rilei za malori za volti 24 zina umbo lilelile, na ziko nyingi kuliko za volti 12. Soma maandishi ya juu, kisha pima koili kwa mita: ya volti 12 husoma omu 60 hadi 110 hivi, ya volti 24 hupanda hadi mia tatu na kitu. Angalia pia mchoro ubavuni, kwa sababu zipo za pini tano zenye 87 mbili bila 87a. Hizo hazitakufaa.

Sasa swichi zenyewe. Kwa gari lililobadilishwa, nafasi ya kwanza naipa mkono wa swichi ulio kwenye nguzo ya usukani ya MGB za baadaye. Unapunguza taa bila kuachia usukani, indiketa ziko hapohapo, na sakafu unaiachia klachi. Kava la nguzo ya usukani litahitaji kukatwa kidogo, basi. Rangi za waya hazina fumbo: bluu ndiyo inayoleta umeme, bluu yenye mstari mweupe ni fuli, bluu yenye mstari mwekundu ni dimu. Kwa mpango wetu unatumia bluu na bluu-nyeupe tu, ile ya tatu unaifunga vizuri kwa tepu. Waingereza wanaojiundia magari kwa miaka mingi walitumia mkono wa Ford Sierra. Hapa kwetu mtu atakushauri wa Toyota kwa sababu umejaa kila mahali. Unafaa, ila pima kwanza: Toyota nyingi hukata upande wa ethi (waya unaorudi kwenye bodi), si upande wa umeme, na ukiunganisha kwa mazoea utakesha.

Ya pili ni swichi ya kukanyaga ya Kimarekani, iliyokuwa kwenye Ford na Chevrolet za zamani. Ina mwili wa chuma na mguso mpana. Kama mguu wako bado una nafasi, na unapenda kupunguza taa kwa mguu kama ninavyopenda mimi, chukua hii. Ifunge juu ya kibati kilichoinuka kidogo, maana maji na matope ya viatu ndiyo huua swichi za sakafuni.

Ya tatu ni ile rilei ya Volkswagen Beetle inayobadilisha fuli na dimu kila ukibonyeza kitufe. Uzuri wake ni kwamba kitufe kinakaa popote, hata kwenye kichwa cha gia. Naishusha kwa sababu mkondo wote unarudi kupita kwenye kifaa kimoja, na kikinata huna cha akiba. 

Nakala mpya za swichi ya sakafuni ya Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme wa magari, kama ile iliyonitia gizani, naziweka nafasi ya nne, na kwa rilei tu. Dukani ishike shingo uitikise. Ribiti zikicheza, irudishe. Swichi ya kubofya dashibodini sikushauri kabisa, kwa sababu trela halikusubiri upapase.

Ukimaliza kufunga, simamisha gari mbele ya ukuta jioni na uwashe dimu. Mwanga wa dimu uinuke upande wa kushoto. Ukiinuka kulia, vioo vya taa ni vya nchi zinazoendesha upande mwingine, vibadilishe. Kisha washa fuli, na chomoa waya wa swichi ya kupunguza taa zikiwa zinawaka. Ukutani inatakiwa ibaki dimu.