Wiki nane za tiba ya mazoezi kwa maumivu ya nyonga upande wa nje

Nimemaliza wiki nane za tiba kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na naandika tathmini hii kwa ajili ya mtu ambaye nyonga humwamsha kila anapogeukia ubavu unaouma. Nilifika kwake nikiwa na miezi saba ya maumivu upande wa kulia: ngazi zilinishinda, na kila nilipoinuka kitini ilinibidi nisimame kwanza kabla ya kupiga hatua.

Kabla ya hapo nilihudumiwa kwenye kituo kingine ambako niliambiwa, kwa sentensi moja, kwamba nina basaitisi (uvimbe wa kifuko cha ute karibu na kiungo), nikachomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na kuruhusiwa kwenda. Maumivu yalitulia kwa muda wa wiki tano hivi, kisha yakarudi kama yalivyokuwa. Sindano yenyewe siilaumu, kwa kuwa mara nyingi hutuliza haraka, na kwa mtu aliyekosa usingizi hilo si jambo dogo. Kilichonisikitisha ni kwamba hakuna aliyenieleza ni kitu gani kinachouma wala kwa nini kinauma.

Mtaalamu huyu alianza papo hapo. Alinilaza ubavu, akapapasa paja langu kwa nje mpaka akafikia kinundu cha mfupa, akakibonyeza kwa kidole gumba, nami nikashtuka kwa maumivu. Kisha alinisimamisha mbele ya kioo kwa mguu unaouma, kidole kimoja tu kikigusa ukuta, akahesabu taratibu akielekea 30. Alipofika 18, maumivu niliyoyazoea yalikuwa yameshaamka, na kwenye kioo niliona wazi kwamba nyonga ya upande wa pili imeshuka.

Alinieleza kwamba juu ya kinundu kile kuna vifuko vidogo vya ute ambavyo kazi yake ni kupunguza msuguano kati ya mfupa na kano, na kwamba kifuko kikivimba ndiyo basaitisi. Hata hivyo, kwa wagonjwa wengi wanaoumwa mahali hapo, hasa wanawake wa umri wa miaka 40 hadi 60, tatizo kubwa huwa liko kwenye kano za misuli ya makalio inayozuia nyonga isiyumbe tunapotembea, na kifuko huvimba pamoja nazo, au hakivimbi kabisa. Paja linapovuka kuelekea upande wa pili wa mwili, utepe mgumu unaoshuka kwa nje ya paja huzikandamiza kano hizo kwenye mfupa.

Maelezo hayo ndiyo yaliyonifaa kuliko yote, kwa sababu yaligusa maisha yangu ya kila saa. Nilikuwa na mazoea ya kukaa nne, ya kusimama nikiwa nimeuelemea mguu mmoja, na, baya zaidi, kila asubuhi niliuvuta mguu wangu mbele ya mwili nikiamini kwamba nauponya. Aliniagiza niache kuuvuta siku hiyohiyo. Usiku nilianza kulala kwa ubavu usiouma nikiwa na mto mnene kati ya magoti, mrefu wa kufika hadi vifundoni, ili mguu wa juu usianguke mbele.

Mazoezi yenyewe hayakuhitaji vifaa vya maana: kulala chali na kuinua makalio, kuchuchumaa nusu, kupanda kidaraja kimoja polepole, na kusogeza mguu kando nikiwa nimesimama. Uzito uliongezwa kidogo kidogo, na maumivu mepesi yaliruhusiwa mradi usiku huo yasizidi. Wiki tatu za kwanza sikuona tofauti yoyote, na nakiri kwamba nilikaribia kuacha. Wiki ya nne ndipo nilipolala usiku kucha.

Sikushangaa baadaye kusoma juu ya utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha watu 204 wenye tatizo hili. Baada ya wiki nane, takriban asilimia 77 ya waliopewa elimu na mazoezi walisema wamepata nafuu, wakati waliochomwa sindano walikuwa asilimia 59 na walioachwa wasubiri asilimia 29. Mwaka mmoja tangu kuanza, kundi la mazoezi lilikuwa bado linaongoza.

Kasoro ninayoiona ni karatasi ya mazoezi ya nyumbani, ambayo ina maneno matupu bila hata mchoro mmoja. Kwa sababu hiyo nilifanya zoezi la kusogeza mguu vibaya kwa wiki nzima. Kwa upande mwingine, ninampongeza kwa kuniuliza, kabla ya kunigusa, kama nimewahi kuanguka, kama nina homa au wekundu kwenye ngozi, na kama maumivu yako kinenani. Dalili hizo zinaweza kuashiria mfupa uliovunjika, maambukizi au ugonjwa wa kiungo chenyewe, na mgonjwa wa namna hiyo anapaswa kumwona daktari kwanza.

Kwa huduma nzima natoa nyota nne kati ya tano. Ngazi napanda bila kushika ukuta, lakini nikikaa muda mrefu nyonga bado hukaza, hivyo mazoezi naendelea nayo siku tatu kwa wiki, na mto haujaondoka kitandani.