Feri au treni ya handakini? Mwenye karavani atazame mwezi kwanza

Gurudumu dogo la mbele likishapinda, karavani huisogezi tena kwa mkono, na huwezi kuitenganisha na gari mpaka utafute tofali la kuiegemeza. Hapo likizo ndiyo kwanza imeanza. Kila Agosti malalamiko ni yale yale kutoka kwa wanaovuka Uingereza kwenda Ufaransa na nyumba ya kukokota nyuma: gurudumu limepinda, jeki ya nyuma imeng'oka, bomba la maji machafu limekatika. Na karibu yote yametokea mahali pamoja, kwenye daraja la kupandia feri. Mwenye mali humlaumu kijana wa bandarini aliyempungia mkono asonge mbele. Wa kulaumiwa ni mwezi.

Muda wa safari tusiupigie porojo. LeShuttle, treni inayobeba magari kupitia handaki la chini ya bahari, toka Folkestone hadi Calais ni dakika 35, feri ya Dover hadi Calais ni saa moja na nusu hivi, kila mtu anajua. Kisichoandikwa popote penye bei ni ulalo wa daraja.

Dover wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa yanayofuata mwezi, maji hupanda na kushuka takriban mita 6. Meli hupanda na kushuka nayo, gati la saruji halibanduki. Kati yao kuna daraja la chuma: upande mmoja limefungwa nchi kavu, upande wa pili hunyanyuliwa au kushushwa kuifuata meli. Urefu wa daraja ni ule ule siku zote, kwa hiyo maji yakibadilika kinachobadilika ni mteremko. Aliyewahi kuvuka Likoni maji yamekupwa, akasikia bampa ikikwaruza, hahitaji kuchorewa picha. Tofauti ni kwamba gari tupu likikwaruza unapaka rangi, ila karavani ina vitu vinavyoning'inia.

Tazama kinachotokea mtu anaposhuka kuingia melini. Gari linafika kwenye sakafu, karavani bado iko mteremkoni. Pua ya karavani inalalia chini, na gurudumu dogo, kama halikupandishwa hadi mwisho, ndilo linalogusa chuma. Mita chache baadaye magurudumu ya karavani yenyewe yanafika sakafuni, na sasa mkia ndio uliobaki juu ya mteremko. Jeki mbili za nyuma zinakwaruza kwanza, halafu bomba, halafu keria ya baiskeli kama umeifunga nyuma. Karavani ya ekseli moja yenye mkia mrefu ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu kadiri mkia unavyokwenda mbali na ekseli ndivyo unavyoshuka chini. Ukipanda badala ya kushuka, habari ni ile ile: pale tambarare inapokutana na mwinuko, pua inainama kwanza, kisha mkia unaburuta.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya feri, fungua kalenda ya mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu, ni bamvua. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na Dover kupanda na kushuka kwa maji huwa karibu nusu ya ile ya bamvua. Siku za maji mafu panda meli yoyote. Siku za bamvua, maji ya Dover hukupwa kabisa kati ya saa moja na saa tatu, asubuhi na jioni, kwa saa za kiangazi. Kwa bahati mbaya ndizo saa wanazozipenda wenye watoto. Chukua meli ya katikati ya asubuhi au ya alasiri, maji yakiwa njiani, si kwenye ncha. Jedwali la maji ya Dover linapatikana bure kwenye intaneti. Kulisoma ni dakika mbili.

Na siku yenyewe, ukiwa kwenye foleni, shuka garini. Pandisha gurudumu dogo mpaka uma wake ukae kwenye mwanya wake, kisha kaza kibano kwa nguvu zako zote, maana mtikisiko wa barabara ya M20 hukilegeza. Zungusha jeki zote nne hadi mwisho. Chungulia uvunguni uone kama mota ya kusogezea karavani imeachana kabisa na tairi. Kisha panda kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kusimama katikati ya kona ya daraja. Ukiona mteremko umekuzidi, simama kabla ya kuingia umwambie mfanyakazi. Wanazo njia: wanaweza kukusubirisha, au kukupitisha upande mwingine.

Sasa mpangilio, na upendeleo wangu siufichi.

Ya kwanza ni LeShuttle. Reli haina bamvua. Toka kwenye vibanda vya pasipoti unashuka kwa mteremko wa kawaida wa barabara hadi jukwaani, na sakafu ya behewa iko sawa na jukwaa. Karavani huingia mabehewa ya ghorofa moja, yale ya magari yanayozidi mita 1.85. Ugumu uliopo ni ile kona ya kuingia toka ubavuni: karavani hukata kona kwa ndani kuliko gari, kwa hiyo pita mbali kabla ya kukunja, na kunja vioo virefu vya pembeni. Ndani unazima injini, unaweka gia na handibreki, unafungua dirisha kidogo. Hakuna mtu anayeruhusiwa kubaki ndani ya karavani. Mbwa anabaki na wewe garini, jambo ambalo kwenye feri nyingi za Dover haliwezekani, kwani mwenye mbwa hupanda juu na mara nyingi mbwa hubaki chini gizani. Upande wa pili hakuna kusimama: ukaguzi wa Ufaransa umeshafanyika Folkestone, unateremka moja kwa moja hadi barabara ya A16.

Watu huogopa treni kwa sababu ya gesi. Woga wa bure. Mtungi mmoja wa kubebeka usizidi kilo 47, na ukiwa na zaidi ya mmoja jumla isizidi kilo 50. Mitungi miwili ya kilo 6, ambayo ndiyo wengi wanayobeba, ni kilo 12. Kinachotakiwa ni iwe imefungwa, na wakaguzi watakufungulisha sanduku waone kwa macho. Anayerudishwa kweli ni mwenye gari linaloendeshwa kwa gesi: hilo haliingii handakini hata kama tangi ni tupu. Ukinunua gari la mitumba la kukokotea, chungulia buti kabla ya kulipa.

Hapo ndipo suala la baiskeli linapoingia. Ukizifunga mbele, juu ya fremu ya kukokotea, zinaziba mlango wa sanduku la gesi, na utazifungua zote kwenye foleni ya ukaguzi huku walio nyuma wakipiga honi. Ukizifunga nyuma ya karavani zinarefusha mkia. Weka juu ya gari. Kwenye treni uko behewa la warefu hata hivyo, hupotezi kitu.

Ubaya wa treni upo: njia ni moja. Treni moja ikiharibika, foleni ya Folkestone inakaa saa na saa. Beba maji na chakula ndani ya gari, si ndani ya karavani.

Ya pili ni kampuni ya feri ya Brittany Ferries, kwa wanaoishi kusini na magharibi ya Uingereza, au wanaokwenda Hispania. Portsmouth au Plymouth hadi Santander inakuondolea zaidi ya kilomita 1,100 za kukokota toka Calais, pamoja na ushuru wa barabara za Ufaransa ambako gari lenye karavani huwekwa kundi la 2 la ushuru, ghali kuliko gari peke yake. Kwa Normandy, Portsmouth hadi Ouistreham karibu na Caen ni saa sita hivi. Saint-Malo ni pazuri, lakini huko bamvua kubwa huzidi mita 12, kwa hiyo yale ya mwezi yasome mara mbili. Safari ya usiku ina mtego mwingine: kengele ya karavani yenye kihisio cha mtikisiko huamshwa na mawimbi, ikalia mpaka betri imekufa. Iweke kwenye hali ya usafiri au izime. Friji nayo itazimika, maana gesi imefungwa na injini haizunguki. Mwenye insulini aibebe juu kwenye chumba chake cha melini na vipande vya barafu. Nyama na maziwa usijisumbue, kuingia navyo Ulaya toka Uingereza hairuhusiwi tangu 2021.

Ya tatu, Dover hadi Dunkirk kwa kampuni ya DFDS, saa mbili, ina maana tu kama unaelekea Ubelgiji na kuendelea. Wa Essex na Suffolk wanaokwenda Uholanzi wapande Stena Line ya Harwich.

Dover hadi Calais ya usiku wa manane ndiyo ya bei chini. Basi. Utafika saa kumi alfajiri na karavani, usingizi kichwani, barabara ya upande wa kulia.

Kuhusu bei, hapa ndipo pa kukasirikia. Neno "kuanzia" kwenye matangazo ya tiketi ni bei ya gari dogo peke yake siku ya Jumanne ya Februari. Ingiza karavani, ingiza Jumamosi ya kwanza shule zikifungwa, bei inaruka kama mchele wakati wa Ramadhani. Kisha wanakuuliza urefu, na hapo mchezo unaanza, kwa sababu muuza karavani alikuambia urefu wa chumba. Kampuni ya feri inahesabu toka bampa ya mbele ya gari hadi kitu cha mwisho nyuma, pamoja na fremu ya kukokotea na keria. Kwenye kijitabu cha karavani vipimo vyote viwili vipo, cha ndani na cha jumla. Muuzaji anasoma kile kinachopendeza. Pima mwenyewe kwa futi ya fundi, gari na karavani vikiwa vimefungwa pamoja, kwani ukitangaza pungufu utalipa tofauti dirishani, au uambiwe meli imejaa. Na ni wauzaji hao hao wanaokufungia mota ya kusogezea bila kukueleza kwamba imeshusha uvungu wa karavani yako. Muulize: toka mota hadi lami ni sentimita ngapi? Asipojua, mpe rula.

La mwisho ni la pasipoti, maana wengi wetu tulioko Uingereza bado tunabeba ya Kenya au Tanzania. Ruhusa ya kuishi Uingereza haikuingizi Ufaransa. Unahitaji viza ya Schengen, ada ya mtu mzima ni yuro 90, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Mpaka viza iwe mkononi, nunua tiketi inayorudishwa fedha tu, iwe ya treni au ya feri. Mwenye pasipoti ya Uingereza aangalie isiwe imetimiza miaka 10 tangu kutolewa siku anayoingia.