Saa mbili za Jumamosi: tathmini ya huduma ya kuwakutanisha walimu, Bukavu

Nimemaliza mwaka mzima wa shule nikifaidika na huduma ambayo shule yetu ya msingi, hapa Kadutu mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), imewaandalia walimu wake: kila Jumamosi wanafunzi huruhusiwa kwenda nyumbani saa nne, nasi hubaki hadi saa sita tukitayarisha masomo pamoja, tukiongozwa na mwalimu mwenzetu wala si na mkaguzi.

Ninachokisifu zaidi ni kwamba saa hizo zimetolewa ndani ya muda wa kazi. Tangu shule za msingi za serikali zilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa yamefurika, na panapokuwa na kundi la asubuhi na la mchana, walimu hupishana mlangoni tu, mmoja akifuta ubao na mwingine akitafuta chaki. Kumwambia mwalimu wa namna hiyo ashirikiane na wenzake akipata nafasi ni sawa na kumwambia asishirikiane kamwe.

Utaratibu wetu unafanana na ule ambao walimu wa Japani wameufuata kwa zaidi ya miaka mia moja: somo moja hutayarishwa na wengi, mmoja hulifundisha, wengine huwatazama watoto, kisha wote hulijadili. Nilipofundisha kutoa kwa kukopa katika darasa la tatu, watoto wengi waliandika kwamba 52 kutoa 27 ni 35, na peke yangu ningeweka alama ya kosa na kuendelea. Lakini mwenzangu, aliyekaa dawati la nyuma na daftari lake, alikuwa amemsikia msichana mmoja akimnong'oneza jirani yake: "Mbili haitoshi kutoa saba, basi geuza." Jumamosi iliyofuata tulifunga vijiti kumi kumi, tukakubaliana kwamba mtoto afungue fungu moja kwa mikono yake kabla ya kushika kalamu, na somo lile lilipofundishwa katika chumba cha jirani, wanaogeuza walikuwa wachache mno. Aidha, kwa kuwa watoto huanza kusoma kwa Kiswahili kisha huhamia Kifaransa, walimu wa ngazi zote mbili wamepatana maneno ya hesabu, jambo ambalo hapo awali hakuna aliyelishughulikia.

Kasoro zipo, nazo si ndogo. Kiongozi wetu hakupunguziwa kipindi hata kimoja, hivyo fishi (karatasi za matayarisho ya somo) za wenzake huzisoma usiku, na ninaogopa kwamba atachoka tumpoteze. Tena, majuma ya kujaza mabuletini, yaani ripoti za alama za wanafunzi, saa zetu zilimezwa na matangazo ya ofisi.

Ninaipendekeza huduma hii bila kusita kwa shule zenye nia ya kuzilinda saa hizo. Tumemwomba direkta, mkuu wa shule, aziandike kwenye ratiba ya ukutani na kumpunguzia kiongozi vipindi viwili kwa juma. Ombi la kwanza limekubaliwa, la pili tunaendelea kulifuatilia.