Kuapa Leicester kwa kesi ya Tanga: huduma ya mthibitishaji niliyemtumia

Kesi ya kiwanja cha marehemu mama iko Baraza la Ardhi na Nyumba kule Tanga, mimi niko Leicester. Wakili wetu alinitumia kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo unaapa kuwa ni ya kweli, pamoja na hati ya uwakilishi ya kumruhusu kaka asimame kwa niaba yangu.

Hapa Uingereza wakili wa kawaida anakuapisha kwa pauni 5, na pauni 2 kwa kila kielelezo, yaani hati inayoambatanishwa na kiapo. Ndiyo ada ya kisheria. Mthibitishaji (notary public, mwanasheria wa kuthibitisha hati zinazokwenda kutumika nchi nyingine) anajipangia bei, na inauma. Nilimwendea kwa sababu wakili wa Tanga alishikilia kwamba muhuri uwe wa mthibitishaji.

Kilichonifurahisha ni kwamba hana papara. Kiapo kilikuwa cha Kiswahili, maana tangu 2021 sheria imekifanya kuwa lugha ya mahakama zetu, na yeye Kiswahili hakijui. Akataka tafsiri kwanza ndipo anipangie siku. Nilinung'unika, nikalipa. Siku yenyewe akatoa Msahafu uliofungwa kitambaa safi, akauliza kama ningependa kutawadha kabla ya kuushika. Sikutegemea.

Kufika chini, pale panapoandikwa umeapa wapi, lini na mbele ya nani, akasita. Wakili wetu alikuwa ameshachapa kabisa "hapa TANGA". Akakata, akaandika Leicester kwa mkono, sote wawili tukatia saini fupi pembeni. Aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya baraza anajua: mahali au tarehe ikikosewa hapo, upande wa pili unaibuka na pingamizi la awali, kiapo kinatupwa, na habari ya kiwanja haijaguswa.

Malalamiko yangu ni bei. Kwenye simu aliniambia ada ya hati tu. Vielelezo na nakala vikajitokeza kwenye ankara. Utepe wa kijani na muhuri wa kubonyeza vinapendeza, lakini hela yangu naihesabu kwa ule mstari mmoja aliousahihisha.

Kutoka kwake hati zilipitia Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, halafu ubalozi wetu London. Nampa nyota nne. Ukienda, usisaini chochote nyumbani, beba pasipoti na barua yenye anwani yako, na bei ya kila kielelezo uipate kwa maandishi.