Mtungi wa ION-X: sumu iliyotulizwa ndani ya vitundu
Arsini ni gesi inayoua kwa kuvunja chembe nyekundu za damu, na bado viwanda vya chipu za kompyuta vinaihitaji. Ndiyo maana nauthamini sana mtungi wa ION-X wa kuhifadhia gesi kama hiyo, uliotolewa na kampuni ya NuMat ya Marekani mwaka 2016. Ndani yake mmejaa kiunzi cha metali na viungo vya kaboni, chenye vitundu vidogo mno vinavyoinasa gesi na kuishikilia kwa mgandamizo ulio chini ya ule wa hewa inayotuzunguka. Valvu ikilegea, hewa ya nje ndiyo huelekea kuingia ndani, badala ya sumu kumfumukia fundi usoni, na kwangu mimi hilo peke yake latosha kuupendelea kuliko mtungi ulioshindiliwa gesi. Mkaa amilifu nao hunasa gesi, lakini vitundu vyake havilingani, ilhali vya kiunzi hiki wakemia huvipanga kulingana na molekuli wanayoikusudia. Kasoro ninayoiona ni kwamba gesi haitoki yenyewe: sharti ivutwe kwa pampu ya utupu, kwa hiyo mtungi huu haumfai kila mtumiaji.